Barua zenu: bahari imekwenda wapi?

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya kwenda kutembea miji ya pwani huku Uingereza, simu ikajaa meseji mpaka nikaiweka kabatini. Nimechagua nane. Wale mnaoniuliza nauli ya ndege kutoka Dar siwajibu tena, nshasema mie si wakala wa mtu. Na msimamo wangu mnaujua ila narudia kwa wageni: mie kwetu Tanga, nimekulia Raskazone majini, nipo huku miaka 20 na kitu, na ninachowaambia siku zote ni kwamba ukienda pwani ya Mwingereza kwa ajili ya kuoga baharini utarudi umenuna. Nenda kwa ajili ya mji wenyewe, soko lake na watu wake, na kabla hujakata tiketi angalia vitu viwili, siku ya gulio na saa ya maji. Sweta halina mjadala.

Dada, shikamoo kama umenizidi. Mama yangu anakuja Agosti kutoka Tanga kwa mara ya kwanza, ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Wanangu wawili wanataka kumpeleka bichi bibi yao, na baba yao kang'ang'ania Brighton manake ndo anayoijua. Gari hatuna. Twende wapi? – Mama Nasra, Leicester

Marahaba, nimekuzidi bila shaka. Mwambie Baba Nasra kwa heshima zote kwamba Brighton ni nzuri ila haina mchanga. Ni kokoto tupu, zile kubwa za mviringo kama viazi mbatata, zinateleza chini ya mguu na ufukwe wenyewe una mteremko, sasa bibi wa miaka 67 na magoti yake akishashuka pale kumpandisha ni shughuli ya wanaume wawili. Tena kutoka Leicester ni mbali, mnapitia London. Brighton iwekeni siku mmeshafika London kwa mengine, treni ya Victoria ni kama saa moja tu, mkamwonyeshe lile kasri la mfalme lenye makuba kama ya Kihindi, ambalo vita vya kwanza vya dunia liligeuzwa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa kule Ufaransa. Hilo atalipenda.

Nyie watu wa Leicester pwani yenu ni Skegness. Waulizeni majirani zenu wazee, watu wa viwandani wa Leicester na Nottingham walikuwa wakipeleka watoto hukohuko tangu enzi za treni za makaa. Mnapanda mpaka Nottingham, mnabadilisha, halafu mnakaa kama saa mbili mpaka reli inapoishia. Kateni ile kadi ya familia ya treni, mtu mzima anapunguziwa theluthi na mtoto asilimia 60, kwa watu watano mnaweza kurudisha hela yake safari hiyohiyo moja. Mji ni sawasawa kama sinia, hakuna kilima, mchanga mpana, mabenchi yapo. Ndiko yule Billy Butlin alikofungua kambi yake ya kwanza ya likizo mwaka 1936, mfanyakazi analipa wiki moja yote pamoja, kulala, kula na ngoma za jioni. Na kuna tangazo lao maarufu la treni la mwaka 1908, mvuvi mnene anarukaruka ufukweni na maneno yanausifia upepo wa Skegness kwamba unachangamsha mwili. Sasa ukiona tangazo la biashara linausifu upepo, mama, jua huo upepo upo.

Kwa hiyo kanga mbili za ziada, koti, chupa ya chai ya tangawizi, na nunueni kile kitambaa cha vijiti cha kukinga upepo, kinauzwa bei chee kwenye maduka ya palepale. Maji hata Agosti ni nyuzi 16 au 17 hivi, wakati kwetu bahari ikipoa sana ni 25. Mama atatia kidole cha mguu kimoja, atawaangalia wajukuu zake walivyo ndani mpaka kifuani, atasema hawa watoto mmewapa nini. Msimlazimishe. Samaki, benchi, kutazama watu, inamtosha.

Ila muwe macho na zile mashine za sarafu za peni 2, zile unatumbukiza sarafu inasukuma zenzake. Mama yangu mie alipokuja alikaa pale dakika 40, kikopo mkononi, hasemeshwi. Nilipomwambia mama hii si ni kamari akaziachia zote kama zimemuunguza, na mpaka leo akinisimulia anasema mie ndo nilimpeleka.

Anti mambo. Mimi kijana wa Likoni, niko Coventry nasoma. Nilimpeleka mpenzi wangu Weston-super-Mare, nimejisifu wiki nzima eti mimi mtoto wa bahari nitamfunza kuogelea. Kufika saa saba mchana bahari hakuna! Ni tope mpaka macho yanapoishia. Alinicheka mpaka kwa treni. Hiyo bahari ilienda wapi? – Aliyeaibika, Coventry

Pole mwanangu, nimecheka na mie. Sasa wewe mtoto wa Likoni unapigwa chenga na maji kupwa? Bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, unalijua, maji mafu, yale yanayosogea kidogo tu, unayajua, ulichofanya ni kudhani Mzungu kaiwekea bahari bomba. Bahari ilikuwepo, ilikwenda zake mbali.

Kwetu Mombasa mpaka Zanzibar siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita 4. Kule ulikokwenda wewe, Bristol Channel, inapita mita 12. Yaani nyumba ya ghorofa nne. Sababu ni umbo la pale, mlango wa bahari ni mpana upande wa Atlantiki halafu unabanwa kila unavyoingia ndani kama faneli, maji yanasukumwa humo hayana pa kwenda zaidi ya juu, na yakirudi yanarudi yote, na kwa kuwa chini ni karibu tambarare yanaacha tope la maili nzima. Hiyo ni kati ya tofauti kubwa kabisa duniani. Kwa hiyo hukuonewa, ni hukuangalia saa. Jedwali la maji lipo bure, andika jina la mji na neno la maji kujaa kwenye gugo, na kumbuka kila siku inasogea mbele kama dakika 50, ya Jumamosi iliyopita haikufai. Fika dakika 90 kabla maji hayajajaa na utakuta bahari inakungoja mlangoni. Au ukitaka kumfunza huyo binti bila kubahatisha, palepale jirani Clevedon kuna bwawa kubwa limejengewa ukuta ufukweni, maji ya bahari yanaingia yakijaa na yanabaki yakipwa. Mwombe msamaha umpeleke huko.

Halafu nataka uniskize vizuri hapa, utani pembeni. Lile tope usilifuate hata hatua 20. Linameza mguu mpaka gotini na maji yakigeuka yanakuja haraka kuliko unavyoweza kujichomoa. Morecambe, pwani ya kaskazini magharibi, usiku wa tarehe 5 Februari 2004 wafanyakazi wa Kichina waliokuwa wakiokota kombe mchangani walizungukwa na maji gizani, wakafa watu 23. Walipelekwa na msimamizi asiyejali saa. Camber Sands, mchanga mzuri kuliko wote wa kusini, kiangazi cha 2016 walizama watu 7, wengi wao vijana wenye nguvu zao, manake pale maji yanajaa kwanza nyuma yako kwenye mabonde ya mchanga wewe ukiwa umesimama kwenye kisiwa hujui. Na Lindisfarne, kile kisiwa kitakatifu cha kaskazini, barabara ya kwendea inafunikwa na bahari mara mbili kwa siku, saa zimeandikwa kwenye ubao mkubwa kabisa, na kila mwaka kuna mtu anaacha gari yake inaelea akidhani ataiwahi. Ukioga, oga katikati ya bendera nyekundu na njano, ndipo waokoaji wanapotazama. Ukishtuliwa na baridi usipigane na maji, lala chali uelee mpaka pumzi irudi. Ukimwona mtu ana shida piga 999 useme unataka walinzi wa pwani, usijitose kuwa shujaa.

Assalaam alaykum. Naomba kuuliza hizi chipsi na samaki za huku zinaliwa? Mume wangu anasema samaki ni samaki mama watoto, kula. – Umm Suhail, Reading

Waalaykum salaam. Samaki ni samaki, ila mafuta si samaki. Hapo ndo mumeo anapopotea na wengi wetu tumepotea, mie nilikula miaka minne sijui kitu mpaka dada mmoja wa Kisomali akanistua.

Kuna mambo matatu ya kuuliza kaunta na usione haya, wanaulizwa kila siku. La kwanza mnakaangia nini. Kusini wengi ni mafuta ya mimea au ya mawese, lakini ukipanda kaskazini, Yorkshire hasa, Whitby na Scarborough na kwingineko, maduka mengi ya zamani yanakaangia mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na wanajivunia kabisa, wanakwambia ndo utamu wenyewe, na huyo ng'ombe hakuchinjwa kihalali kama kwetu. La pili, soseji zinaingia karai hilohilo? Soseji za huku ni nguruwe mpaka uambiwe vinginevyo. La tatu ni ule unga wa majimaji wanaochovya samaki, baadhi wanauchanganya na bia ili uvimbe uwe mwepesi. Wakikujibu mimea, hapana na hapana, kaa ule kwa raha, tia siki mpaka chipsi zilowe. Miji mingine kuna maduka wameweka kibandiko cha halali dirishani, Blackpool utayakuta na Southend pia.

Samaki wao wakubwa ni cod na haddock, wa kwanza ukimwandika kwa Kiswahili anakuwa kodi, na kwa bei yake ya sasa ni kodi kweli. Mie simpendi sana, hana ladha, ni kama anakula unga uliomfunika. Ninachofuata pwani ni samaki mbichi. Nenda Hastings asubuhi, pale hakuna bandari, mashua zinavutwa juu ya kokoto kama wafanyavyo wavuvi wetu na ngalawa, wanasema ndilo kundi kubwa kuliko yote Ulaya linaloshuka majini moja kwa moja kutoka ufukweni. Kuna vibanda vyembamba virefu vyeusi vya mbao vya kuwekea nyavu, vimesimama kama watu waliovaa kanzu nyeusi, na pembeni wanauza walichovua. Kiangazi utapata vibua! Vibua walewale, wana michirizi ya kijani mgongoni, bei rahisi manake Waingereza wengi wanaogopa miiba. Nunua 6, rudi nao nyumbani, chumvi, ndimu, pilipili, mkaa. Majirani watakuja wenyewe.

Whitby kuna heringi wanapasuliwa mgongoni na kukaushwa kwa moshi, ni ng'onda wa moshi huyo, kuna kibanda kimoja kinafanya kazi hiyo tangu 1872. Na wa Zanzibar mnaoniuliza habari ya pweza kila mwezi, mwaka 2025 walifurika pwani ya Devon na Cornwall ambavyo watu hawakuzoea, wanaingia kwenye mitego ya kaa wanawala kaa wote ndani, wavuvi wa kaa wakalia na soko la samaki la Brixham likajaa pweza. Mie nilipata wawili nikawapika na nazi ya kopo. Haikufika ya kwetu ila tulinyamaza wote mezani.

Anti shakwe kanipora sambusa nzima mkononi Scarborough, kaniachia na alama kwenye kidole. Naweza kumpiga? – Mwenye njaa, Leeds

Huwezi. Wanalindwa na sheria ya mwaka 1981. Unachoweza ni kumkodolea macho, na sitanii, watafiti wa chuo kikuu cha Exeter walijaribu mwaka 2019 wakaona shakwe akitazamwa usoni anasitasita kukifuata chakula. Kaa umeegemea ukuta manake wengi wanakuja kwa nyuma. Na sambusa inafunikwa mwanangu, nani alikufundisha kutembea nayo wazi?

Mheshimiwa mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu wa Moshi. Mwanangu yupo Norwich, nitakuja Mei kwa wiki tatu. Yeye anashinda kazini, sipendi kukaa ndani. Napenda masoko na historia. Nizungukie wapi kwa basi na treni? – Mwalimu, Moshi

Shikamoo mwalimu. Hii ndo barua niliyokuwa naisubiri.

Watu wa huko Uchagani hamhitaji kuelezwa gulio, na mji wa gulio wa Uingereza ni mambo yaleyale, ila huku walilifanya la kisheria kabisa. Zamani huwezi kuanzisha soko mpaka mfalme akupe hati, na mji ukishapata hati yake hautaki kusikia mwingine kafungua karibu. Wanasheria wa karne ya 13 waliweka hesabu ya maili 6 na theluthi 2, manake mtu kwa siku anatembea maili 20, theluthi ya siku ya kwenda, theluthi ya kuuza, theluthi ya kurudi nyumbani na jua. Ndo maana mpaka leo ukitazama ramani ya Norfolk unaona vimji vimepangana kama vile mtu kapima kwa kamba.

Anzia Norwich kwenyewe, soko liko katikati ya mji lina vibanda vya paa za mistari ya rangi, hilo utaenda kila siku kwa miguu. Kisha siku ya Jumanne panda basi King's Lynn. Kuna uwanja unaitwa Soko la Jumanne na mwingine unaitwa Soko la Jumamosi, majina hayo ni ya karne na karne, mji ulipata hati kwa Mfalme John mwaka 1204. Wakati huo ilikuwa bandari tajiri, na lipo ghala la mwaka 1475 lililokuwa la wafanyabiashara wa Kijerumani waliokuwa wakija na meli za mbao, manyoya na samaki, wakarudi na sufu. Mwalimu ukisimama pale mtoni utaona ni Kilwa ya baridi, watu wa nchi nyingine wanaishi kando ya maji wanangoja upepo na bei.

Siku nyingine treni ya Great Yarmouth, ni kama nusu saa tu. Huo mji ulinona kwa heringi mpaka heringi walipokwisha, sasa umepauka kidogo nisikudanganye, lakini soko lake ni kubwa na kazi moja wanaiweza kuliko wote, chipsi, zinauzwa kwenye vibanda vya sokoni palepale, watu wanapanga foleni. Nenda Jumatano au Jumamosi.

Halafu Cromer, kuna treni nyingine ya kutoka Norwich inakufikisha. Kaa wa Cromer ni wadogo watamu, wanauzwa wameshapikwa na kurudishwa ndani ya gamba lao, unakula na mkate. Kuna jumba la kumbukumbu la Henry Blogg, liko ufukweni na halina kiingilio, huyu alikuwa mvuvi wa kaa tu ambaye kwa miaka 53 alitoka na mashua ya uokoaji, ya makasia kwanza halafu ya injini, akashiriki kuokoa watu 873. Na alikuwa hajui kuogelea! Mie hapo ndo huwa nachoka, kila nikienda nasoma ukuta ule upya.

Jumapili umwambie mwanao akupeleke kwenye zile gulio za buti, watu wanapaki shambani, wanafungua buti la gari wanauza vya nyumbani kwao, mabirika, vitabu, majembe, baiskeli. Ni mitumba kwa mwenyewe. Pale unapatana bei, dukani huwezi lakini pale unaweza, ila kwa adabu yao, usikiponde kitu cha mtu kama tunavyofanya sie, wewe kisifie kwanza halafu uliza kwa upole kama atakubali pauni 3. Fika saa moja asubuhi. Hizi gulio zote mwalimu kufikia saa nane mchana watu wanakunja meza, ukichelewa unakuta majani ya kabichi.

Kuna mji mwingine nataka uusikie hata kama huwezi kufika, basi hakuna. Dunwich, pwani ya Suffolk. Ulikuwa bandari kubwa yenye makanisa na soko, dhoruba za kuanzia 1286 zikaziba bandari, biashara ikahama, na mwamba ukaendelea kuliwa mwaka hadi mwaka, kanisa baada ya kanisa likateleza baharini. Leo ni kijiji cha nyumba chache, wenyeji wanasema usiku wa dhoruba unasikia kengele chini ya maji. Mie nilisimama pale nusu saa nzima, nilichosikia ni upepo na mume wangu anaulizia chai.

Naweza kuingia baharini na vazi langu la stara au watanishangaa? – Binti, Birmingham

Ingia. Nusu ya watu majini wamevaa mpira mweusi kutoka shingoni mpaka vifundoni kwa ajili ya baridi, wewe utaonekana mwenzao. Kina mama wa pale ndo wa kwanza watakaokuuliza umelinunua wapi.

Aunty, mimi ni Mkenya, ni carer, natunza wazee. Nililetwa kamji kadogo ka pwani, nisikataje. Kiangazi kulikuwa sawa, sasa ni Novemba, saa kumi jioni giza, maduka yamefungwa, barabarani ni mimi na upepo. Mtu mweusi mwingine ni mmoja na anafanya nightshift. Siku yangu ya off ni Jumatano peke yake. Nifanye nini nisishikwe na wazimu? – Wa Nyeri, kando ya bahari

Pole sana mwanangu, na wala si wazimu, miji hiyo majira ya baridi inanyamaza hata kwa waliozaliwa hapo.

Nikuelezee kwanza uko wapi, labda itasaidia. Hayo majumba makubwa meupe ya mbele ya bahari unayofanyia kazi yalijengwa yawe hoteli, watu walikuwa wanakuja kwa treni maelfu. Miaka ya 60 na 70 ndege za bei rahisi za Hispania zikaanza, jua la uhakika, na wakati huohuo ripoti ya mwaka 1963 ikafanya reli nyingi ndogo zing'olewe, za pwani nyingi zikiwemo, mji ukabaki na vitanda bila wageni. Wazee wakahamia kwa ajili ya hewa, hoteli zikageuka nyumba za kutunzia wazee, na sasa zinahitaji mikono, ndo wewe. Huo mji unakutegemea wewe zaidi ya unavyojua, ukiondoka wewe na wenzako kesho nani atamgeuza yule mzee kitandani.

Sasa Jumatano. Una bahati, Jumatano ni siku ya gulio ya miji mingi. Nauli ya basi moja kwa England yote imewekewa kikomo cha pauni 3, hata ukae ndani saa mbili, kwa hiyo chukua ramani uone ni mji gani wa jirani una soko siku hiyo, ukifika nunua kwa muuza mboga mmoja, wiki ijayo rudi kwa huyohuyo. Wiki ya tatu atakuita darling na kukuwekea sukuma, wao wanaiita kale au spring greens, ya pili ndo iko karibu na ya kwenu. Mie marafiki zangu wa kwanza wa Kizungu niliwapata hivyo, kwenye vitunguu. Pili angalia asubuhi ufukweni kama hakuna kikundi cha wamama wa makamo wanaoingia majini mwezi huu wa Novemba, karibu kila mji wanao siku hizi, wanapiga kelele dakika tano halafu wanakunywa chai na keki nusu saa. Si lazima uingie. Keki wanagawa.

Tatu, na hii nakupa tu uicheke. Southsea, pale Portsmouth, mji wa pwani kama huo wako, kwenye nyumba ya kawaida ya mtaani aliishi zaidi ya miaka 50 Seyyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyetolewa na mapinduzi ya Januari 1964. Alikaa hapo mpaka 2020 alipohamia Oman, akafariki mwisho wa 2024. Mtu aliyelala kasrini mbele ya bahari ya Forodhani alipita Novemba zaidi ya 50 za huko, kabuti na upepo kama wewe. Sijui alikuwa anafanya nini Jumatano.

Bibi yetu, mimi mtu wa Lamu, niko Plymouth. Nimewaona punda wamebeba watoto ufukweni, moyo ukanienda. Wanatunzwa hawa? Kwetu punda ndiye gari. – Mwana wa Langoni

Wanatunzwa kuliko baadhi ya watu. Na wewe hapo Plymouth uko karibu na kitu chenu kabisa hujui. Nenda Sidmouth, mji mdogo mzuri wa Devon wenye miamba myekundu, treni hamna, reli yake ni mojawapo ya zile nilizosema hapo juu, unashuka Exeter unachukua basi. Nje kidogo ya mji ndo makao makuu ya lile shirika la punda lililoanzishwa mwaka 1969 na mama mmoja, Elisabeth Svendsen, ndo walewale waliofungua hospitali ya punda ya kwenu Lamu mwaka 1987, ile ya mbele ya maji unayoijua tangu utotoni. Mamia ya punda wapo pale kwenye majani, kuingia bure. Mpeleke mtoto kama unaye, mwonyeshe jamaa zake.

Wale wa kubeba watoto wanaojulikana zaidi ni wa Blackpool, na wana masharti yao ya kazi ya halmashauri tangu 1942. Mchana wanapumzishwa saa nzima wale, na Ijumaa hawafanyi kazi kabisa, ni ofu ya punda wote. Nimeshindwa kumwambia huyo binti wa Nyeri.